Naombeni ushauri: mkoba wa darizi kwa kitenge ninachokipenda kuliko vyote

Tausi_K
Habari zenu wadau. Nina kitenge nimekitunza muda mrefu: bluu iliyokolea, maua makubwa ya rangi ya machungwa, kila ua lina upana wa sentimita 20 hivi. Kipo mita 1 tu, upana sentimita 115, na sijakiona tena kikiuzwa. Nataka nikishone mkoba wa begani wenye tabaka la pamba katikati, mistari ya darizi juu na zipu mdomoni. Upana sentimita 35, kimo 30, kitako 10.

Nimeanza kwa kujaribia kwenye kitambaa kingine. Nikishona, kitambaa cha juu kinasogea mbele, nikifika mwisho wa mstari kimejikusanya na kuleta mikunjo. Nifanyeje? Halafu mistari yenyewe nipitishe wapi? Mikoba mingi naona ina miraba ya mshazari, na nahisi itayakatakata maua yangu. Mkasi siutii mpaka mnishauri.

Fundi_Bobini
Dada Tausi, hiyo mikunjo inatokana na cherehani yenyewe. Meno ya chini yanavuta kitambaa cha chini, cha juu kinabanwa na mguu, kwa hiyo kinachelewa na kusukumwa mbele ya mguu. Kama unaweza kupata ule mguu wenye meno yake ya juu, tatizo limekwisha. Kama huna, punguza mgandamizo wa mguu, ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3 au 3.5, na uanzie katikati ya kipande kwenda pembeni. Usianze ukingoni kamwe, maana ziada yote itakusanyika upande wa pili.

Na usitegemee pini chache za kwenye kona. Piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, mistari iachane kama sentimita 10, tabaka zote tatu zishikane. Ndiyo, tatu: kitenge, pamba, na kitambaa chepesi chini. Ukiacha pamba wazi meno yatainasa. Sindano tumia namba 90.

Bi_Mshono
Mwanangu, kwenye swali la mistari nakuomba unisikilize. Ua la sentimita 20 halihitaji miraba. Fuata ua lenyewe! Pitisha mshono kwenye ukingo wa petali, ua zima, kisha nje yake zungushia mstari mwingine kwa umbali wa sentimita 1 hivi, kisha mwingine, mpaka mistari ya ua hili ikutane na ya jirani yake. Pamba itanyanyuka pale kwenye petali na kulala kwenye bluu, na maua yatatokeza yenyewe. Kitenge kikishakuwa na mchoro mzuri kiasi hicho, kazi ya uzi ni kuufuata.

Uzi uwe wa bluu ileile. Ukiteleza kidogo haionekani. Kwenye kona ya petali simamisha cherehani sindano ikiwa chini, nyanyua mguu, zungusha kazi, shusha, endelea. Taratibu tu.

Jora_Zima
Bi Mshono nakubaliana nawe kwa sehemu. Miraba ina faida yake: inashika pamba sawasawa kila mahali na inakwenda haraka. Kwa Tausi ningefanya mchanganyiko, upande wa mbele afuate maua, wa nyuma apige mistari iliyonyooka ya kuachana sentimita 4. Nyuma ndiko kunakosugua nguo kila siku, na mistari mirefu inastahimili zaidi kuliko petali zenye kona nyingi.

MkasiMkali
Jambo ambalo halijaguswa: darizi kwanza, kata baadaye. Kitambaa kikishapigwa mistari kinapungua, kwa hiyo ukikata vipimo kamili mapema mkoba utatoka mdogo. Kwa mkoba wako kila upande unahitaji sentimita 37 kwa 37: upana 35 na mshono wa 1 kila ubavu; kimo 30, jumlisha 5 za kitako, jumlisha mishono. Wewe kata 42 kwa 42, piga darizi, ndipo upunguze. Vipande viwili vinakula 84 kati ya 115 zako, na ukanda unaobaki unatosha mikanda. Zaidi ya nusu ya kitenge chako itabaki nzima.

Angalia sana kiini cha ua. Sentimita 5 za chini zinaingia kwenye kitako, hazionekani kwa mbele. Kwa hiyo kiini cha ua kisikae nusu ya kipande. Kiweke sentimita 16 kutoka ukingo wa juu wa kipande kikishapunguzwa, hapo ndipo katikati ya uso wa mkoba.

Tausi_K
Asanteni sana, naona mwanga. Hiyo ya sentimita 16 nisingeijua. Je, kitenge nikifue kwanza? Kina mng'ao na ugumu wake wa dukani, naona huruma kuutoa.

Bi_Mshono
Kifue, mwanangu. Ugumu ule ni wanga, utatoka tu siku moja, na kitambaa kikirudi ukiwa umeshashona, mkoba utajikunja. Kifue peke yake, maana bluu iliyokolea huchuja. Kikikauka kipige pasi kabla ya kuweka tabaka. Baadaye pasi iguse upande wa kitenge tu na isikae mahali pamoja, hasa kama pamba yako ni ya poliesta. Inalala na haiamki.

Fundi_Bobini
Mikanda: kata vipande viwili vya 10 kwa 70 kwa urefu wa kitenge, kunja iwe tabaka nne, upate mkanda wa sentimita 2.5, piga mshono pande zote mbili. Inaposhikana na mkoba shona mraba wenye msalaba ndani, na badili sindano iwe namba 100 kwa sababu hapo tabaka ni nyingi. Kabla ya kutia zipu, punguza pamba yote iliyo ndani ya upana wa mshono mdomoni, la sivyo zipu italeta mawimbi. Na bitana chagua ya rangi nyepesi, ili ufunguo ukianguka chini uuone.