Hoja za kikundi zipelekwe kwa nani?

Mchuuzi wa Mwaloni: Habari za jioni, ndugu zangu. Kikundi chetu cha wachuuzi wa dagaa hapa Kirumba kinaandaa msimamo wake kabla ya Bunge la Bajeti, na wanachama wanataka tudai kanuni za nyavu zirekebishwe na mikopo ya halmashauri itolewe kwa wakati. Je, yote tumkabidhi mbunge?

Mkazi wa Igoma: Hapana, dada. Kanuni hutungwa na waziri chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, kwa hiyo hoja ya nyavu iandikieni wizara, nakala kwa mbunge. Mikopo ile ya asilimia 10 (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) hutoka katika mapato ya ndani ya halmashauri; hapo mtu wenu ni diwani, ambaye wengi wetu humkumbuka wakati wa kampeni tu.

Mzee wa Ilemela: Ni kweli. Bunge la Bajeti huanza Aprili, nanyi mkisubiri hadi Juni, bajeti kuu inaposomwa, mtakuwa mmechelewa. Tajeni kanuni mnayotaka ibadilishwe, pamoja na maneno mnayopendekeza.

Mchuuzi wa Mwaloni: Ahsanteni. Barua ya diwani tutaianza Jumatatu; ya wizara itamsubiri katibu wetu arudi kutoka Ukerewe.