Kikomo cha reitingi mashindano ya wikendi: 1600 au 1800?

Mratibu_Upanga

Wakuu salaam. Tunaandaa mashindano ya chesi ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, Dar, yahesabiwe reitingi (namba ya nguvu ya mchezaji) ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ya mchezo mrefu. Ukumbi una meza 40 na saa za kidijitali zinatosha. Makundi ni mawili: la Wazi na la wachezaji wa kawaida.

Miaka yote kundi la pili limekuwa "Chini ya 1600". Zamani lilikuwa linajaa, siku hizi linapwaya, na malalamiko ni mengi. Walioonyesha nia hadi sasa ni 56: wenye 1800 na zaidi 9, wa 1600 hadi 1799 ni 12 (7 kati yao wako 1700 kwenda juu), wa 1400 hadi 1599 ni 13, na wasio na reitingi kabisa ni 22.

Nibaki na 1600, nipandishe iwe 1800, au nifute makundi wote wacheze pamoja? Na hawa 22 niwaweke wapi? Kamati imegawanyika kati kwa kati.

---

Farasi_wa_G1

Mkuu, 1600 yako ya leo si ile ya zamani. Tarehe 1 Machi 2024 FIDE walipandisha reitingi za mchezo mrefu za wote waliokuwa chini ya 2000: uliongezewa asilimia 40 ya pengo lako hadi 2000. Wa 1000 akawa 1400, wa 1200 akawa 1520, wa 1500 akawa 1700. Piga hesabu kurudi nyuma: aliye na 1600 baada ya mabadiliko alikuwa na kama 1333 kabla yake. Kwa hiyo kikomo hukukigusa, lakini kwa uhalisia umekishusha karibu pointi 270. Wale wa 1400 na 1500 waliokuwa wanakujazia kundi ndio hao leo wako 1640 na 1700. Umewafungia nje, na kundi la Wazi hawalitaki.

Siku hiyohiyo sakafu ya reitingi, yaani namba ya chini kabisa mtu anayoweza kuwa nayo, ilipanda kutoka 1000 hadi 1400. Maana yake "Chini ya 1600" ni ukanda wa pointi 200 tu, na chini yake ni watu wasio na namba yoyote. Ukienda 1500 ndiyo kabisa, unabaki na ukanda wa pointi 100. Kundi la hivyo halina wapinzani wenye reitingi wa kutosha, na mgeni anayetafuta reitingi yake ya kwanza analigundua hilo mapema kuliko kamati. Anahitaji michezo 5 dhidi ya wapinzani wenye reitingi. Anaweza kuikusanya kwenye mashindano kadhaa ndani ya miezi 26, ila hakuna anayependa kulipa viingilio vitatu kwa kazi ya kimoja.

Ukitaka kulingana na 1600 ya zamani, sasa ni 1760. Nisingetumia namba ya ajabu hivyo. Weka 1800.

---

Mwamuzi_wa_Zamu

Naunga mkono 1800, na sababu yangu kubwa ni ratiba. Kanuni za reitingi za FIDE zinataka mchezo wenye mchezaji wa 1800 au zaidi uwe na angalau dakika 90 kwa kila upande, ikihesabiwa kwa hatua 60. Wote wawili wakiwa chini ya 1800, dakika 60 zinatosha. Kwa siku, jumla ya saa za mchezo isizidi 12.

Chini ya 1800: dakika 45 na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila hatua. Kwa hatua 60 hiyo ni dakika 60 kamili, mchezo ni saa mbili. Jumamosi anza saa 3:00 asubuhi, 5:30, 8:30 mchana na 11:00 jioni. Jumapili 3:00, 5:30 na 8:30. Raundi 7 hizo, na zawadi zinatolewa saa 11 jioni. Mchezo wa hatua 80 unachukua saa 2 na dakika 10, kwa hiyo nafasi ya saa mbili na nusu inabeba. Usithubutu kubana iwe saa mbili na robo, meza moja ya mwisho wa mchezo wa ngome itakuchelewesha siku nzima.

Wazi: dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30, jumla 90. Jumamosi 3:00, 7:00 mchana na 11:00 jioni, Jumapili 3:00 na 7:00. Raundi 5.

Sasa angalia wanapokosea watu. Andika kwenye tangazo "1799 na chini". Ukiandika "hadi 1800", atakuja mwenye 1800 kamili, na kwa dakika 60 michezo yake haihesabiki. Pili, orodha mpya ya reitingi hutoka tarehe 1 ya kila mwezi. Mashindano yakiangukia tarehe 3, mtu aliyejiandikisha na 1785 anaweza kuamka na 1812. Taja wazi kwamba inayotumika ni orodha ya siku ya raundi ya kwanza, na atakayevuka anahamishiwa Wazi bila kuongeza ada.

Kitu kimoja hakisemwi sana: nyongeza ikiwa chini ya sekunde 30, mchezaji akibaki na chini ya dakika 5 anaruhusiwa kuacha kuandika hatua. Madai ya sare kwa kurudia nafasi mara tatu yanakuwa magumu kuthibitisha. Weka mwamuzi wa pili kwenye kundi hilo.

---

Kete_Nyeusi_Nrb

Mko sawa kwenye hesabu, lakini hamjaangalia kundi la Wazi. Ukikata kwenye 1800 unabaki na watu 9 huko. Tisa ni witiri, kila raundi mmoja anapata bai (anakaa bila mpinzani), na raundi 5 kwa watu 9 ina maana mwisho kiongozi anapangiwa mtu aliye mkiani. Wenye 1900 wakiona orodha ya 9 kwenye tovuti ya chess-results Alhamisi usiku, watatu hawatafika.

Dawa ni kuruhusu kupanda, kwa mpaka: wenye 1700 hadi 1799 wachague, wengine hapana. Wale 7 wakipanda unakuwa na 16, na 16 kwa raundi 5 ni kundi zuri. Wape motisha, kwa mfano ada ya Wazi kwao iwe sawa na ya kundi la chini. Usiruhusu wa 1500 apande. Huyu wa 1900 akicheza naye, pengo ni 400: kwa K (kipimo cha kasi ya reitingi kubadilika) ya 20, akishinda anaongeza 1.6, sare inamkata 8.4, akipoteza zinaondoka 18.4. Ukijaza raundi mbili za namna hiyo, usishangae wenye reitingi kubwa wakikaa nyumbani. Hawaogopi kushindwa, ni biashara mbaya tu.

Kuhusu kuchanganya wote 56: mfumo wa Uswisi, unaokutanisha wenye pointi zinazokaribiana bila kumtoa mtu, raundi ya kwanza unakutanisha nusu ya juu na nusu ya chini, meza 28. Wasio na reitingi 22 wako mkiani, kwa hiyo meza 22 kati ya 28 ni mwenye reitingi dhidi ya asiye nayo, na mchezo huo haumhesabii kitu mwenye reitingi. Mtu amesafiri na basi usiku kucha kwa raundi isiyomgusa.

---

Mratibu_Upanga

Nimewaelewa, asanteni. Lakini kwa hesabu hiyohiyo, wale 7 wakipanda, Chini ya 1800 inabaki na 40: wenye reitingi 18 na wasio nayo 22. Raundi ya kwanza si itakuwa vilevile? Na kwenye hao 22 wapo vijana wa chuo wanaocheza mtandaoni kila siku, wanaogopewa.

---

Farasi_wa_G1

Ukiwaachia programu iwapange mkiani kwa alfabeti, ndiyo, wote 18 watakutana na wasio na reitingi. Kanuni za upangaji zenyewe zinamtaka mwamuzi akadirie nguvu ya mchezaji asiye na reitingi ya kuaminika. Tumia reitingi ya mchezo wa haraka kama anayo, matokeo ya mashindano ya vyuo, au maelezo ya kocha wake. Ingiza makadirio hayo kwenye safu ya reitingi ya taifa ndani ya programu ya upangaji ya Swiss-Manager, panga kwa hiyo, chapisha orodha Ijumaa. Kijana mkali akiwekwa wa 6 badala ya wa 35, haendi kumfunga mtu mwenye reitingi raundi ya kwanza, na wageni halisi wanakutana na watu wa kati. Kwa raundi 7 mchanganyiko unatulia kuanzia ya tatu.

---

Mwamuzi_wa_Zamu

Niongeze kwenye zawadi, maana vita vyote vya kundi la chini hutokea hapo.

Asiye na reitingi acheze kundi hili, lakini asichukue zawadi ya kwanza. Mpe tuzo yake, "bora asiye na reitingi", na ikitangazwa kabla hakuna atakayenung'unika. Ukiitangaza Jumapili jioni jiandae kwa kelele.

Wanaoshusha reitingi kwa makusudi: Marekani shirikisho lao lina sakafu binafsi, mtu hashuki zaidi ya takriban pointi 200 chini ya kilele chake. FIDE haina kitu hicho. Wewe ongeza sharti juu ya lile la orodha: inayotazamwa pia ni reitingi ya juu kabisa ya miezi 12 iliyopita. Historia iko kwenye ukurasa wa kila mchezaji, ni dakika moja kukagua. Halafu zawadi ya kwanza ya Chini ya 1800 isizidi ya tatu ya Wazi. Ukiifanya nono, unawaalika mwenyewe.

Watoto ni suala jingine. Aliye chini ya miaka 18 na chini ya 2300 ana K ya 40. Mtoto wa 1500 akimfunga mtu mzima wa 1750, mtoto anapata 32.4, mtu mzima anapoteza 16.2. Watu wazima wakikutana na watoto wanne wikendi moja, mara ijayo hawaji. Kuwafungia watoto si jibu, wao ndio nusu ya ada zako. Raundi 7 zinasaidia kwa sababu mtoto aliyeiva anapanda juu mapema na kuwaacha wengine.

---

Mratibu_Upanga

La mwisho. Wakiwa witiri kwenye Chini ya 1800, tuna mchezaji wa klabu mwenye 1850 yuko tayari kuziba nafasi ili asiwepo wa bai. Inafaa?

---

Kete_Nyeusi_Nrb

Hapana. Ana 1850, muda ni dakika 60, michezo yake yote haihesabiki, kwa hiyo kila raundi unamnyima mtu reitingi kwa jina la kumsaidia. Tafuta mzibaji wa chini ya 1800, hata asiye na reitingi, akae tayari kila raundi.

Na witiri nyingi huanzia Jumamosi asubuhi, watu waliojiandikisha kwa WhatsApp wakakosa kutokea. Funga malipo Alhamisi saa 12 jioni, asiyelipa asiingie kwenye upangaji. Ijumaa usiku piga simu kwa kila aliyelipa wa kutoka mkoani. Anayejua atachelewa mpe bai ya nusu pointi raundi ya kwanza, maana mpinzani wa asiyetokea anapata pointi lakini mchezo hauhesabiwi reitingi. Muda wa kusubiri aliyechelewa uwe dakika 15 Chini ya 1800 na 30 kwa Wazi, na uandike kwenye tangazo.