Shirika la ndege la taifa kwenye nchi ya mchezo: lipewe ruzuku au lijitegemee?

Mleta mada: Wakuu, kwa wasiojua, tuna nchi ya kubuni ndani ya Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni. Ina rais, bunge, hazina yenye sarafu za mchezo, na shirika moja la ndege ambalo kisheria ndilo pekee linaloruhusiwa kupaka bendera ya nchi mkiani. Sasa umeletwa muswada wa kuliongezea ruzuku kwa hoja kwamba ni fahari ya taifa. Mimi napinga.

Katika dunia halisi mashirika ya taifa yalikuwa na kazi zaidi ya fahari. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulitambua kuwa kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake. Ukitaka kupeleka abiria kwa jirani, serikali zikae mezani kwanza, kama Marekani na Uingereza walivyokaa Bermuda mwaka 1946. Haki za kutua kwa kawaida zilipewa mashirika yaliyo mikononi mwa raia wa nchi husika, kwa hiyo asiye na shirika alibaki mtazamaji. Kwetu, mtu anabonyeza kitufe tu, yuko uwanja wa ng'ambo. Hatununui mafuta wala hatupeleki injini karakana. Ruzuku ya nini?

Na bendera yenyewe haikingi. Swissair ya Uswisi ndege zake zilikaa chini Oktoba 2001, na Sabena ya Ubelgiji, iliyozaliwa 1923, ikafilisika mwezi uliofuata.

Kinachonikera hasa ni wahudumu. Wengi ni watoto wa shule. Wanafanyiwa mtihani wa sare na salamu, wanasimama mlangoni wakikaribisha abiria mpaka safari iishe, na hawapati hata sarafu moja. Tiketi ya daraja la kwanza inauzwa kwa Robux, sarafu ya Roblox yenyewe, na Robux hununuliwa kwa fedha halisi. Zote zinaishia kwa mwenye kikundi kinachoendesha shirika.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umekaza sana. VATSIM, mtandao wa watu wanaoigiza kurusha na kuongoza ndege kwenye kompyuta, ipo tangu 2001 na waongoza ndege wake wanajitolea. Kuna watu wanarusha ndege kutoka London hadi New York kwenye kompyuta, saa saba nzima, kesho wanarudia. Umewahi kusikia wananyonywa? Halafu hiyo bendera ukiifungulia kila mtu, wiki ijayo tutakuwa na mashirika kumi ya taifa, kila moja na ndege yake moja na rubani aliyejifunza kutua juzi. Shirika letu angalau lina mtihani.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni mhudumu pale. Mshahara sina haja nao. Nachotaka ni safari isiahirishwe abiria wakiwa wameshafunga mikanda, eti mwenye kikundi kaitwa na mama yake. Ndiye pekee mwenye ruhusa ya kufungua seva ya safari. Ruzuku italitatua hilo?

Mleta mada: Dada au kaka mhudumu, umemaliza hoja yangu kwa mistari michache kuliko mimi.

Mkuu wa kwanza, VATSIM ni mfano mzuri, ila unakuangukia mwenyewe. Kule kujiunga ni bure na hakuna anayeuza kiti. Rubani na muongoza ndege wote wanacheza. Kwetu mmoja anacheza, mwingine anauza.

Kwenye bendera nakupa nusu. Mtihani ubaki, tena uwe mgumu zaidi, ila usimamiwe na nchi. Kwa sasa shirika linajitungia mtihani na kujisahihishia. Atakayefaulu apake bendera, hata akiwa na ndege moja. Ndege moja inayoruka kwa ratiba naiona bora kuliko ishirini zinazomsubiri mtu mmoja amalize kula.

Wabunge mnaopita humu, kabla ya kupiga kura tuwekeeni hesabu za Robux za tiketi. Zimeingia ngapi, na zimekwenda wapi?