MV Agusta Dragster yenye klachi otomatiki: je, inamfaa mtu wa Mtwara mwenye mkono dhaifu?

Mkazi wa Shangani ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naishi Mtwara mjini na nimepanda pikipiki tangu ujana wangu, lakini baada ya ajali kifundo cha mkono wangu wa kushoto hakikurudiwa na nguvu zake. Kuminya klachi kila mara kwenye foleni ya malori ya korosho yanayoelekea bandarini kunaniletea maumivu yanayopanda mpaka kwenye kiwiko. Binamu yangu anayeishi Italia ana MV Agusta Dragster 800 RR SCS, na yuko tayari kuniachia kwa bei ya kindugu. Anasema ukishaingiza gia unavuta resi tu na pikipiki inaondoka bila kugusa klachi, na ukifunga breki inasimama bila kuzima.

Naipenda pikipiki hiyo kwa dhati. Haina makava ya kuficha umbo lake, injini na fremu vyote viko wazi, na nyuma imekatwa fupi hata tairi linaonekana lote. Ninachoomba ni kueleweshwa kama hiyo ni sawa na skuta isiyo na gia, na kama klachi ya namna hiyo itahimili matumizi yangu, ambayo ni ya mjini kwa siku nyingi na ya Newala ninapokwenda kuangalia mikorosho ya familia.

Fundi wa Masasi amejibu:

Pole kwa mkono, ndugu yangu. Hiyo si skuta. Skuta nyingi huendeshwa kwa mkanda unaobadili mwendo wenyewe, wala hazina gia ya kukanyaga; Dragster ina gia 6 kama pikipiki nyingine kubwa, na ni wewe unayezipandisha na kuzishusha kwa mguu wa kushoto. Kilichobadilishwa ni klachi peke yake. SCS ni jina la mfumo ambao MV Agusta waliuandaa pamoja na Rekluse, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa klachi otomatiki za pikipiki za kwenye matope na milima, na waliuanza mwaka 2018 kwenye pikipiki yao iitwayo Turismo Veloce kabla ya kuuhamishia kwenye nyingine zao, Brutale na Dragster.

Ukiifungua klachi ya Boxer, pikipiki ndogo ya kila siku, utakuta springi zinazozibana pleti muda wote, na kazi ya mkono wako ni kuziachanisha. Katika mfumo huu mambo yamegeuzwa. Injini inapozunguka polepole pleti zimeachana. Ukivuta resi, vipande vidogo vilivyopangwa ndani ya pleti maalumu vinasukumwa kuelekea nje na nguvu ya mzunguko, vinapanda kwenye vijiteremko vilivyochongwa humo, pleti hiyo inatanuka na kuzibana pleti nyingine mpaka klachi inashika. Unaposimama resi inashuka, vipande vinarudi mahali pake na klachi inakata yenyewe, hata kama umebaki kwenye gia ya kwanza. Ukiwa mwendoni gia zinabadilishwa kwa msaada wa kompyuta, ambayo ikihisi mguu umegusa pedali inapunguza nguvu ya injini kwa kitambo kidogo mno ili gia iingie, na unaposhusha inapandisha resi kidogo ili gurudumu la nyuma lisishtuke. Mkono wa klachi haukuondolewa, upo palepale kwa anayetaka kuutumia.

Kwa hiyo kwa maumivu yako jibu ni ndiyo, itakusaidia sana. Lakini usidanganyike na ulaini wake wakati wa kuondoka, kwa maana injini hiyo ya silinda 3 na cc 798 inatoa nguvu za farasi 140, ambazo ni zaidi ya mara 10 ya Boxer ya cc 150, na klachi otomatiki haipunguzi hata farasi mmoja. Ukiwa umesimama kwenye gia na mkono wa kulia ukavuta resi kwa bahati mbaya, pikipiki itaondoka. Kwa klachi ya kawaida ungekuwa umeishikilia.

Mstaafu wa Newala amejibu:

Vijana wangu, jambo hili huku kwetu si geni kama mnavyolizungumza. Nilipokuwa nazunguka vijijini kwa kazi ya chanjo tulipanda Honda 90, na hizo pia hazikuwa na klachi ya mkononi. Honda Super Cub, ukoo wa hizo Honda 90, imekuwa na klachi ya kushika kwa nguvu ya mzunguko tangu ilipotoka mwaka 1958, na ukikanyaga pedali ya gia, pedali hiyohiyo ndiyo inayokata klachi. Mkono wa kushoto ulibaki huru, na niliwaona watu waliokuwa hawajapata kushika usukani wakijifunza ndani ya mchana mmoja.

Nimelisema hili ili Mkazi wa Shangani asiogope kwamba ananunua kitu cha majaribio. Wazo ni la zamani na limethibitishwa kwenye mchanga wetu huu huu. Waitaliano wamelipeleka kwenye injini yenye hasira zaidi. Tofauti iliyopo ni kwamba Honda 90 ilipozeeka fundi yeyote wa Kitangari aliifungua chini ya mwembe na kuifunga tena jioni.

Mkazi wa Shangani amejibu:

Shikamoo mzee wangu, na asante sana, Fundi. Maelezo ya pleti nimeyaelewa. Limebaki swali la mteremko. Unaposhuka kutoka Newala kuelekea Masasi mimi huitegemea injini inishikie mwendo ili nisichemshe breki. Je, klachi inayokata yenyewe haitaniachia katikati ya kona? Na betri ikiisha nguvu, inaweza kusukumwa ikawaka?

Fundi wa Masasi amejibu:

Hapo umeuliza mahali penyewe. Maadamu injini inazunguka juu ya kiwango cha klachi kushika, itaendelea kukushikia mwendo kama pikipiki yoyote. Hatari inakuja pale unapoteremka kwenye gia kubwa huku umefunga resi kabisa, mizunguko ikashuka mpaka klachi ikakata, kwa sababu tangu hapo pikipiki inaserereka yenyewe na umebaki na breki tu. Shusha gia mapema ukiwa bado juu ya mlima, sikiliza injini iwe inalia kidogo, na usiiruhusu inyamaze mpaka umefika bondeni. Ikikata, gusa resi kidogo itashika tena.

Kusukuma hakutasaidia, kwa kuwa injini ikiwa imezimwa hakuna kinachozibana pleti. Kwa sababu hiyohiyo, ukiiegesha kwenye mteremko na kuiacha ndani ya gia kama tulivyozoea, itatembea. Watengenezaji walilijua hilo wakaiwekea breki ya kuegeshea kwenye gurudumu la nyuma, nawe uifanye iwe desturi kabla hujashuka kwenye kiti.

Neno la mwisho kuhusu klachi yenyewe ni joto. Kinachoiunguza ni kutembea polepole kwenye gia kubwa, pleti zikiwa zimeshika nusu na kuteleza nusu, na foleni ya malori uliyoitaja ndiyo inayomshawishi mtu kufanya hivyo. Kwenye foleni baki gia ya kwanza, ondoka kwa uamuzi, kisha simama kabisa. Oili nayo iwe ile inayoelekezwa na watengenezaji, kwa kuwa pleti hizi zinaogelea ndani yake, na oili ya magari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano itazifanya ziteleze.

Binti wa Mikindani amejibu:

Kaka, mimi naendesha pikipiki ya cc 650 kati ya Mtwara na Lindi, nami naunga mkono yote aliyosema Fundi, ila naona mmeizungumza klachi mkaisahau pikipiki. Tairi la nyuma la Dragster lina upana wa milimita 200 na rimu ya inchi 17, ni pana na la lami. Kwenye barabara ya Mingoyo utalifurahia mno. Kwenye njia ya shambani, ambako mchanga unafika kwenye rimu, tairi pana lenye ngozi laini halina la kushikilia, na nguvu zile zote zitakugeuza ubavu. Kwa safari za mikorosho tafadhali baki na pikipiki ndogo.

Spea hutazikuta Mtwara wala Masasi. Kila pleti, kila kichujio, utaagiza nje, na kukagua mifumo yake ya umeme kunahitaji kompyuta maalumu. Kabla binamu hajaipakia melini, nenda ofisi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, uulize ushuru wa pikipiki ya umri na cc hizo, na uitazame leseni yako, kwa maana daraja A1 linaishia cc 125.

Kama shida kubwa ni mkono, zitazame pia Honda CB650R za kuanzia mwaka 2024 zenye klachi inayoendeshwa na mota za umeme, ambazo nazo hazikulazimishi kuminya chochote, na ambazo mafundi wengi watazizoea haraka kuliko injini ya Italia. Lakini kama moyo umeshaamua Dragster, basi mwombe binamu akutumie daftari lake la matengenezo lote, na video ya pikipiki ikiondoka kutoka gia ya kwanza ikiwa baridi na tena ikiwa imeshapata moto. Ikiondoka kwa kutetemeka au injini ikipanda mizunguko bila pikipiki kuongeza mwendo, pleti zimechoka, na gharama hiyo mkubaliane kabla ya kulipana.

Mkazi wa Shangani amejibu:

Nimeshamwandikia kuhusu daftari na video, na kesho asubuhi nitapita TRA. Safari za Newala zitaendelea kufanywa na Boxer yangu.