Mjadala: Pesa ya chama inunue GPU ya kusaka mikakati ya forex?

Mleta mada
Assalaam aleikum wanabaraza. Kuna chama cha vijana hapa Kisiwani, Mombasa, wengi wao wacheza forex (biashara ya fedha za kigeni). Sasa wamezua hoja kwamba pesa ya chama inunue kompyuta yenye kadi nzito ya grafiki (GPU). Wanadai prosesa ya kawaida (CPU) inakesha ikijaribu, kwa bei za zamani, vigezo vya roboti zao, yaani programu zinazonunua na kuuza zenyewe (vigezo kama wastani wa bei za siku ngapi, mahali pa kukatia hasara), na GPU itamaliza kwa dakika. Mimi napinga, ila nataka kuwasikia wajuzi.

Wa Tudor
Naunga mkono, kwa masharti. Jaribio moja huenda hatua kwa hatua: huwezi kuamua la leo kabla ya kujua kama jana uliingia sokoni. Hapo GPU haikusaidii. Lakini vigezo vitatu vyenye thamani 100 kila kimoja vinazaa majaribio 1,000,000, na hakuna linalomngoja mwenzake. Kadi ya NVIDIA kama RTX 3060 ina viini 3,584, vitengo vidogo vya kukokotoa, vya kuyagawana.

Msitarajie kasi mara 3,584 lakini. Kiini cha GPU ni dhaifu kuliko cha CPU. Tena kadi za NVIDIA huendesha nyuzi (mikondo ya kazi) 32 kwa pamoja, na zikifika penye "kama bei imepanda" zikaachana njia, upande mmoja hukaa ukisubiri mwingine. Roboti za forex zimejaa "kama" tupu! Na wenye MetaTrader 5, ile programu ya kufanyia forex, wajue kipimaji chake cha roboti hutumia viini vya CPU. Kazi ya GPU lazima uiandike mwenyewe kwa OpenCL, lugha ya kuandikia kazi za GPU. Kwenye chama nani anaweza?

Wa Kisauni
Yakhe, na joto la Februari? Mtanunua kadi, kisha AC, kisha tokeni za stima. Si mkodishe mtandaoni kwa saa!

Mwalimu wa hesabu, Likoni
Mimi naiogopa hiyo kasi yenyewe. Mwaka 2014 Bailey, Borwein, López de Prado na Zhu walionyesha kwamba ukiwa na data ya miaka mitano, mikakati 45 hivi isiyohusiana, yote butu, inatosha kutarajia mmoja uonekane na uwiano wa Sharpe wa 1, yaani faida nzuri ukilinganisha na misukosuko yake. Ni bahati tu. Vijana wanataka kujaribu milioni. Kweli, mengi kati ya hayo yanafanana (wastani wa siku 20 na wa siku 21 ni ndugu), kwa hivyo bahati haizidi mara milioni. Lakini 45 wataipita mapema sana.

Kama wamekaza, wafungie data ya miaka miwili ya mwisho, asiiguse mtu, na waandike idadi ya majaribio yote, pamoja na yaliyofeli.

Wa Tudor
Mwalimu, hapo ndipo GPU inapolipa. Chukua mabadiliko ya bei ya kila siku, yachanganye mpangilio mara 10,000, na kila mara rudia msako wote wa vigezo. Mshindi wako asipowazidi kwa mbali washindi wa bei hizo za ovyo, mtupe. Kwa CPU nani ana subira hiyo?

Mwalimu wa hesabu, Likoni
Nakubali, hayo ndiyo matumizi ya maana. Ila jibu litakalotoka mara nyingi ni "hapa hamna kitu". Chama kilichochanga pesa kikanunua mtambo kitalipokea jibu hilo, au kitaongeza vigezo mpaka kipate linalofurahisha?

Mleta mada
Nawajua. Wataongeza. Kwenye kikao nitapendekeza wakodishe kwanza, na jaribio la kuchanganya bei litangulie msako wowote.

Wa Kisauni
Waulize pia kama spread ya broka wao (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza) imo kwenye hivyo vipimo. Roboti inayoingia na kutoka sokoni kila baada ya dakika chache huliwa hapo hapo, na wala huhitaji GPU kuligundua hilo.