Selo ya Hildur

Neema: Shikamooni. Jana usiku nimeirudia filamu ya Joker, safari hii kwa ajili ya muziki tu. Mtunzi ni Hildur Guðnadóttir wa Aisilandi. Ile selo, fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, imeniganda mpaka sasa hivi.

Mjomba: Marahaba mjomba. Si ndiye aliyechukua Oscar 2020?

Neema: Ndiye. Basi sikia, muziki alianza kuutunga kabla hata hawajaanza kupiga picha. Alisoma muswada wa filamu, akakaa na selo yake, akawa anatafuta mpaka sauti ikampata mwilini. Walipokuwa wanapiga ile sehemu ya chooni, mwongozaji Todd Phillips akamchezea ule muziki Joaquin Phoenix, anayeigiza Joker, jamaa akaanza kucheza taratibu, mikono inafunguka. Haikuandikwa popote.

Shangazi: Kumbe! Mimi nikijua filamu ikishakamilika ndipo muziki unawekwa.

Neema: Mara nyingi ndivyo, Shangazi, na mtunzi anapewa wiki chache tu. Halafu sikilizeni vizuri: nyuma ya selo kuna okestra nzima. Mwanzoni huisikii. Kadiri huyo Joker anavyoharibikiwa ndivyo inavyopanda, mpaka inaimeza selo.

Kaka Juma: Mimi alinimaliza kwenye Chernobyl, ule mfululizo wa TV wa 2019 kuhusu ajali ya kinu cha nyuklia. Alikwenda Lithuania kwenye kinu cha nyuklia cha Ignalina kilichofungwa, walikopigia picha. Amevaa mavazi ya kinga, wanarekodi pampu, kumbi tupu, milango. Muziki wote umetoka humo, pamoja na sauti yake mwenyewe. Mlango, jamani! Unavuma, umekuwa wimbo.

Mama: Na alianza lini? Watu huona tuzo tu.

Neema: Selo ameishika na miaka 5, Mama. Mama yake mwimbaji wa opera, baba mpiga klarineti. Albamu yake ya kwanza peke yake, Mount A, ni ya 2006. Miaka mingi alipiga selo kwenye kazi za mtunzi mwenzake wa Aisilandi, Jóhann Jóhannsson, kama filamu ya Sicario, jina lake linapita mwishoni watu wameshainuka vitini. Jóhann alifariki 2018.

Mjomba: Wanawake wangapi wamepata Oscar ya muziki wa filamu?

Neema: Wachache mno. Kabla yake wa mwisho alikuwa Anne Dudley, 1998. Ndiyo maana pale jukwaani aliwaambia wasichana na akina mama wanaosikia muziki ndani yao wautoe. Nililia.

Mama: Na kile kipande chako cha selo kiko wapi?

Neema: Hakijaisha, Mama.

Mama: Kitume hivyo hivyo. Tunasubiri.

Neema: 🎵 Sauti, 1:42