Ushauri: Mbale hadi Moroto kwa baiskeli ya milimani kupitia Pian Upe, nifuate njia za ng'ombe au barabara kuu?

Pedali_Mbale

Wakuu, salaam. Niko hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, nauza vifaa vya ujenzi, na wikendi napanda na baiskeli mpaka mlima Wanale. Baiskeli yangu ni mtumba ila nzima: tairi za inchi 29, breki za diski, shoku ya mbele tu.

Tangu nianze kuangalia video za wale jamaa wa Moab, kule Utah, Marekani, wanaokata jangwa kwa baiskeli, roho haitulii. Nikajiuliza, kwani sisi hatuna Karamoja, ile nyika ya wafugaji kaskazini mashariki? Mpango ni mwezi wa kwanza, mimi na wenzangu wawili: Mbale, Muyembe, hifadhi ya wanyama ya Pian Upe, Nakapiripirit, Moroto. Sitaki kubanana na malori. Nataka zile njia za ng'ombe zinazokatiza nyika chini ya mlima Kadam. Hema tunalo, tutalala popote giza litakapotukuta.

Naomba kujua kuhusu maji, miiba na wanyama. Na usalama pia, maana mke wangu akisikia Karamoja anakumbuka bunduki tu. Natanguliza shukrani.

Dada_Soroti

"Tutalala popote giza litakapotukuta." Mkeo ana akili kukuzidi.

FundiSpoki

Nianze na miiba kwa sababu ndiyo itakayokurudisha nyumbani kabla ya simba wala mwizi. Huko kuna miba ya mgunga mirefu kama kidole, na kuna mbigili. Mgunga unauona. Mbigili iko chini, pembeni mwa njia, mahali ambapo ng'ombe wamekanyaga majani yakaisha. Ukipisha pikipiki ukatoka njiani hatua mbili tu, tairi zote mbili zimekwisha.

Kama rimu zako zinakubali, toa tyubu uweke ile dawa nyeupe ya kuziba ndani ya tairi. Mwiba ukiingia na hewa haitoki, uache hapo hapo mpaka jioni, usiuchomoe kwa hasira. Kama rimu hazikubali, fanya tunavyowafanyia wabeba ndizi kwa baiskeli: chukua tairi kuukuu jembamba, kata kingo zake zenye waya, ule mkanda unaobaki ulaze kati ya tairi na tyubu. Baiskeli itakuwa nzito, utanilaani kwenye mlima, lakini utafika.

Ukipata pancha, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Chukua kipande cha pamba, kizungushe ndani ya tairi lote taratibu. Pamba inanasa kwenye ncha ya mwiba ambayo kidole hakiioni. Nimeona watu wakimaliza tyubu zote walizobeba mahali pamoja, mwiba ni ule ule mmoja.

Bebeni tyubu mbili kila mtu, viraka vingi, solusheni mpya (iliyofunguliwa zamani huwa imekauka ndani), pampu ya chuma, na kiungo cha cheni cha akiba. Kipuli cha gia pia, kile kidogo kinachoshika mashine ya gia za nyuma kwenye fremu. Kila fremu ina chake, Moroto hutakipata, hata Kampala utakitafuta sana.

Turnboy_Mstaafu

Nimeipita sana barabara ya Muyembe kwenda Nakapiripirit, nikiwa juu ya gari na baadaye nikiwa nyuma ya usukani. Kutoka Muyembe hadi Nakapiripirit ni kama kilomita 90, na kutoka hapo hadi Moroto ni kama 90 nyingine. Kwenye karatasi unaona siku mbili. Kwa njia za ng'ombe usihesabu hivyo.

Kwanza udongo. Uwanda wa Pian Upe una ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unashika tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unabeba baiskeli mabegani. Kwa mwezi wa kwanza umechagua vizuri, kumekauka. Lakini ukikauka unapasuka, na nyufa nyingine zinaingia gurudumu la mbele lote. Majani yakizifunika huzioni. Ndiyo maana nakwambia ukae kwenye njia iliyokanyagwa, hiyo imeshazibwa na kwato.

Pili mito ya mchanga. Haina maji juu, ila ni mipana. Punguza upepo wa tairi kidogo, weka gia nyepesi kabla hujaingia, kaa nyuma ya siti, usikate usukani. Ukisimama katikati, shuka usukume tu.

Tatu, na hili lisikilize. Njia za ng'ombe hazikupeleki mjini. Zinakwenda kwenye maji na malisho, zinagawanyika, nyingine zinakufa porini. Kabla ya kuingia yoyote, angalia chini: kuna kinyesi kibichi? Kuna nyayo za asubuhi, za watoto, za wanawake wenye kuni? Kama zipo, pita. Kama njia ni nzuri, pana, na haina alama ya mtu wala mnyama wa leo, wenyewe wameihama na wanajua kwa nini. Rudi barabarani.

Kijana_Kawempe

Mkuu, mimi nimewahi kuishi Marekani na Moab nilifika. Usilinganishe sana. Ile njia yao maarufu ya Slickrock iko juu ya mwamba wa mchanga, tairi linashika kama limegundishwa, hakuna nyufa wala mbigili za kukusumbua humo. Na ile ndefu, White Rim, ni kama kilomita 160 ndani ya hifadhi ya Canyonlands. Ilichongwa miaka ya 1950 wakati wa kutafuta madini ya urani. Njiani hakuna maji ya kunywa kabisa, kwa hiyo wengi wanakwenda na gari la kubeba maji na mizigo. Unahitaji kibali, na hairuhusiwi kutoka nje ya njia, kwa sababu udongo wa pale una ganda hai ambalo ukilikanyaga linachukua miaka mingi kurudi.

Kwenye video gari la maji halionyeshwi. Ninyi chukueni boda mmoja mwenyeji, afunge jerikani mbili na hema, mkutane naye kila mahali njia inapogusa barabara.

Pedali_Mbale

Boda tena? Si itakuwa tumedanganya?

Kijana_Kawempe

Unamdanganya nani, bwana? Kuna refa?

Afande_Mstaafu

Vijana, kuhusu usalama niseme ninachokijua. Karamoja ya leo si ile ya kabla ya silaha za wafugaji kukusanywa 2001 na 2006. Lakini wizi wa mifugo uliporudi, ndipo ikaanzishwa operesheni ya jeshi ya Usalama Kwa Wote, Julai 2021. Hali inabadilika kutoka eneo moja hadi jingine, wiki hadi wiki. Hakuna mtu wa mtandaoni anayeweza kukwambia njia fulani ni salama mwezi wa kwanza. Anayejua ni kamanda wa kambi ya karibu na mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1. Ukifika mahali, ripoti kwao kabla hujafungua hema. Kwa kweli hema lifungue ndani ya misheni, shuleni au jirani na kambi. Porini hapana.

Halafu nguo. Vijana wengi wa baiskeli wanapenda zile kaptula za mtumba za madoadoa ya jeshi. Uganda raia haruhusiwi kuvaa, na huko si mahali pa kwenda kujieleza. Acha nyumbani hata kofia. Vaa rangi inayoonekana kutoka mbali.

Mkiwakuta wachungaji, shukeni kwenye baiskeli mapema, wakati bado wanawaona vizuri. Baiskeli haina sauti. Mtu anayekuja kasi, kimya, akielekea kwenye ng'ombe wa mwenzake, Karamoja anafikiriwa jambo moja tu. Na ng'ombe wenyewe wataruka, wakitawanyika utasaidia kazi ya kuwakusanya mpaka jua lizame. Simama, salimia "ejoka", atakujibu "ejok nooi", ongea Kiswahili. Huko Kiswahili kinakubalika kuliko Luganda, kwa hiyo hapo una bahati. Picha omba kwanza.

Nesi_Kapchorwa

Maji, kaka. Wengi wanabeba lita mbili wanadhani wamebeba mengi. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 huku unakanyaga pedali, hesabu kati ya nusu lita na lita moja kwa kila saa, kwa kila mtu. Na si maji matupu. Ukitoka jasho siku nzima ukajaza maji tu, chumvi ya mwilini inashuka, kichwa kinauma, unatapika, wenzako wanadhani ni jua wanakunywesha maji zaidi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Pimeni mkiwa nyumbani mfunge kwenye vifuko vidogo, msipime njiani kwa mkono.

Yale mashimo utakayoyaona kwenye mchanga wa mto yana wenyewe. Wameyachimba kwa ajili ya mifugo na watoto wao. Omba, na maji hayo yatibuni kwa dawa kabla ya kunywa. Visima vya pampu viko vijijini, jazeni kila mkipita hata kama chupa bado ina nusu.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano muwe kivulini, msitoke mpaka saa tisa. Saa kumi na moja jioni muwe mmefika mnapolala. Jua likishuka, kifutu hutoka kulala kwenye njia yenye joto, na nyoka huyo hakimbii mtu, anangoja umkanyage.

Dada_Soroti

Nilikuja kucheka, sasa nimeogopa.

Turnboy_Mstaafu

Pedali, kwenye wanyama nilikuruka. Pian Upe ni hifadhi, ina duma, pofu, kongoni, na nyati. Duma hana shida na wewe, nyati ndiye. Kwenye barabara kuu unapita kama raia yeyote. Ukitaka kuacha barabara ndani ya mipaka ya hifadhi, lazima uongee na askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori, na usishangae wakikataa au wakikupa askari wa kukusindikiza, ambaye huenda hana baiskeli. Ushauri wangu: sehemu ya hifadhi pita barabarani, asubuhi na mapema malori bado machache. Laleni Namalu. Njia za ng'ombe zianzeni hapo, chini ya Kadam, mkiwa na mwenyeji. Mlima una zaidi ya mita 3,000, upo kulia kwako muda wote, hata simu ikizima hupotei kirahisi.

Pedali_Mbale

Wakuu, nimeandika yote kwenye daftari. Mpango mpya: hifadhi kwa barabara, Namalu tunalala misheni wakitukubali, boda mwenyeji anabeba maji, kisha njia za ng'ombe hadi Nakapiripirit. Kutoka hapo hadi Moroto tutaamua tukiongea na wenyewe. Kaptula yangu ya madoadoa nimemwachia mbwa alalie. FundiSpoki, jumamosi nakuja na rimu uzikague.

Swali la mwisho: kurudi Mbale, basi la Moroto linabeba baiskeli?

FundiSpoki

Njoo mapema, jumamosi mchana kuna foleni ya wabeba ndizi.

Turnboy_Mstaafu

Linabeba, juu. Toa gurudumu la mbele na pedali, geuza usukani, mashine ya gia iangalie juu. Usiache gurudumu la mbele hapo juu, ingia nalo ndani. Diski usiilazie mzigo wa mtu, ikipinda breki itakuwa inalia mpaka Mbale. Funga kwa kamba yako mwenyewe, ya konda imeshafunga mbuzi. Na bei mpatane ikiwa bado chini, ikishapanda huna sauti tena.